Mchezaji wa Asubuhi

Simu ya timu ya Carcará ilipoingia, Edvânia alikuwa amemshika Dona Iracy kidole gumba cha mguu, na kikoleo cha kukatia ngozi kilikuwa karibu kabisa na nyama. Mkono wake haukutikisika. Katika miaka kumi na tisa ya kutengeneza kucha za watu pale sebuleni hajawahi kumtoa mteja damu, hata siku ile paa la jirani lilipoporomoka. Lakini mengine yote ndani yake yalitikisika.

"Wameniita!" Jadielson alitoka chumbani bila shati, simu kaiinua juu kama kombe. "Mama! Carcará wameniita mchujo! Jumamosi hii! Wamenifuatilia kwenye akaunti miezi sita!"

"Carcará ndiyo kanisa gani tena?" aliuliza Dona Iracy.

"Timu, Dona Iracy! Ya kupigana bunduki!"

"Mungu wangu!" Dona Iracy akavuta mguu.

"Za kompyuta," Edvânia alisema, akaurudisha mguu mahali pake. "Ni mchezo. Watano kwa watano. Hafi mtu."

"Na wanalipa!" Jadielson alikuwa anaruka. Miaka kumi na minane, miguu mirefu, akili bado iko njiani inakuja. "Reali elfu moja na mia nane kwa mwezi, na chakula cha mchana!"

Hapo baba yake, Genival, dereva wa pikipiki ya abiria ambaye huwa hasikii akiitwa kutoa takataka, alisikia kutoka uani. Aliingia mbio, akamkumbatia mwanawe, akambusu paji la uso, kisha kwa furaha iliyozidi akaibusu na skrini ya kompyuta iliyokuwa kona ya sebule. Elfu moja na mia nane! Edvânia ili aipate hiyo alipaswa kupaka mikono ya wanawake sabini na wawili, na katika hao sabini na wawili, kumi lazima waseme wamesahau pochi.

"Mwone mkeo, amepigwa na bumbuwazi kwa furaha," alisema Dona Iracy.

Bumbuwazi lilikuwepo kweli. Furaha ndiyo haikuwepo. Kwa sababu katika nyumba ile, katika mtaa ule, na pengine katika mji mzima wa Campina Grande, mtu mmoja tu alijua kwamba michezo iliyoipandisha ile akaunti haikuchezwa na Jadielson. Ilichezwa asubuhi, Jadielson akiwa shule. Na mtu huyo alikuwa ameshika kidole gumba cha Dona Iracy.

Ilianza kwa kosa la dakika tano. Asubuhi moja Jadielson alijifungulia mechi kabla ya shule, mechi ikarefuka, na Genival nje anapiga honi. Ukiikimbia mechi katikati, mtambo unakufungia wiki nzima. Basi kijana akamvuta mama yake, akamkalisha kitini. "Mama, kaa hapa. Bonyeza hiki uende mbele. Usisimame tu, wataona hakuna mtu. Ukiuawa usijali, raundi ijayo unafufuka." Akaondoka. Edvânia akakaa kwa woga kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu. Mechi ilipoisha alikuwa ameua wanne. Watatu aliwaua kwa kushtuka. Wa nne alimlenga, na huyo wa nne ndiye aliyemharibu.

Kesho yake, vyombo vikiwa vimeoshwa na wateja wake wanaanza mchana, alikaa tena. Ukutani kulikuwa na karatasi ambayo Jadielson aliinakili kutoka video za mabingwa: nusu saa ya kupiga risasi midoli ya mazoezi kabla ya mechi, alama ya shabaha ikae usawa wa kichwa, usiiburuze sakafuni, ukikimbilia kushoto gusa kitufe cha kulia usimame kwanza, ndiyo ufyatue, kasi ya kipanya iwe chini, uusogeze mkono mzima. Jadielson aliiandika, akaibandika, akahesabu kwamba kazi imekwisha. Edvânia aliisoma akadhani ni masharti ya mashine. Akaamini kabisa kwamba usipowapiga midoli nusu saa, mechi haifunguki. Kwa hiyo kila asubuhi aliwapiga midoli nusu saa, kwa utii, kama mtu anayemeza dawa ya presha. Akimaliza anarudisha kasi ya kipanya ilivyokuwa, anafuta meza, anainjika maharage.

Na daraja la akaunti lilipopanda, mwenyewe hakushangaa? Hakushangaa. "Mtambo unachelewa kuhesabu pointi," Jadielson aliwaeleza marafiki zake. "Unazilimbikiza, halafu unaniwekea nikiwa shule." Na marafiki, waliokuwa wanafeli hesabu pamoja naye, walikubali.

*

Ijumaa jioni Edvânia alijaribu kusema. Walikuwa mezani, kuskusi ya mahindi na mayai, na Genival ametundika kwenye mlango wa friji fulana mpya ambayo madereva wenzake wa kituoni walichanga kumnunulia kijana. Mgongoni imeandikwa JADI kwa herufi kubwa unazoweza kuzisoma ukiwa upande wa pili wa uwanja.

"Jadi," alianza, "hivi hao watu wakiitazama ile michezo ya asubuhi..."

"Michezo gani ya asubuhi? Asubuhi niko shule, Mama."

"Ndiyo nasema sasa. Kama kuna mtu..."

"Mama, usianze, tafadhali. Juzi umenipigia simu katikati ya kipindi kuniuliza televisheni inawashwa wapi."

Ilikuwa kweli. Rimoti ilikuwa imepotea. Genival alicheka hadi kuskusi ikaruka. "Mwache mama yako, yeye bunduki yake brashi!"

"Adui akija anampaka rangi," Jadielson akaongeza.

Mama yake Genival, Dona Quitéria, ambaye ana umri wa miaka themanini na moja na husikia anachotaka, aligonga meza kwa kicheko. Na Edvânia naye akacheka. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Alicheka nao, akainuka, akaongeza kahawa.

*

Nyumba ya timu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Ndani baridi ya kiyoyozi, kompyuta kumi, vijana wanene kwa wembamba wamevaa spika masikioni, na viti viwili vya plastiki kwa ajili ya wazazi, vimewekwa karibu na choo. Kocha Lauriano alikuwa na miaka ishirini na sita na ndevu za mtu wa hamsini. Alimpa Jadielson mkono kwa heshima ambayo Genival alisema ataikumbuka hadi kaburini.

"Nimekutazama sana," kocha alisema. "Unavyosimama, bwana. Kuna watu wanalipwa Ulaya hawasimami hivyo. Keti, tuonyeshe."

Jadielson akaketi, mgongo wenye JADI ukiwaelekea wazazi. Mechi ikaanza.

Kwa kweli Jadielson hakuwa mbovu. Alikuwa kama vijana wote wa mtaa wao: anakimbia anafyatua, anafyatua anakimbia, risasi zinatawanyika ukutani kama mtu anayemwagilia bustani. Shabaha yake ilitambaa sakafuni, anatafuta vichwa kwenye vigae. Edvânia, pale karibu na choo, alikuwa amekumbatia mkoba wake, na vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinabonyeza ngozi ya mkoba. Gusa. Simama. Sasa.

"Simama kwanza," alinong'ona.

"Kimya wewe," Genival akamwambia. "Anajipasha moto."

Alijipasha moto hadi mwisho. Aliua watatu. Aliuawa mara kumi na saba.

"Ulilala vizuri?" kocha aliuliza.

"Ni kiti hiki," Jadielson akajibu, masikio yamemwiva. Wakambadilishia kiti. Akaua wawili. Wakampa kompyuta nyingine. Wachezaji wa timu wakaanza kutazamana, mmoja akatoa simu yake akawa anasoma meseji waziwazi, bila hata kuona haya. Genival alikuwa amekoma kutabasamu, lakini meno aliyasahau nje.

Lauriano aliwasha skrini kubwa ya ukutani. "Hii ni rekodi yako. Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi."

Kwenye skrini mtu aliingia mlangoni, akasimama nukta moja, risasi moja, adui chini. Akavuka kushoto, akasimama, risasi moja. Hakuna haraka, hakuna rabsha. Alikwenda chumba kwa chumba kama mtu anayefagia.

Jadielson alibaki kinywa wazi. "Jumanne saa tatu... mimi nilikuwa na mtihani wa kemia."

"Sasa huyu ni nani?"

"Sijui."

"Akaunti yako, kompyuta yako, nyumba yenu. Hujui?" Heshima yote ilikuwa imemtoka kocha sautini. "Kijana, kuna watu hukodi mtu awachezee wapande daraja. Tunawajua. Majina yao tunayapeleka kwenye ligi, na hawagusi mashindano yoyote kwa miaka miwili."

"Mwanangu si tapeli!" Genival aliruka na kiti chake. Kisha, kana kwamba maneno yake mwenyewe yamemchoma, akamgeukia Jadielson, akamkamata ukosi wa fulana mpya. "Umemkodi nani? Kwa hela ya nani? Watu wamechanga kituoni! Watu wamechanga, mshenzi wewe!"

"Baba, sijamkodi mtu! Naapa! Sijui ni nani!" Kijana alikuwa analia mbele ya wale wote.

"Ni mimi," alisema Edvânia.

Hakuna aliyesikia. Akasimama. "Wa asubuhi ni mimi."

Yule mwenye simu aliangua kicheko. Genival hakumwachia mtoto. "Vânia, kaa chini. Huu si wakati wa kumkingia kifua."

"Mama, naelewa," kocha alisema kwa upole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko kile kicheko. "Hata mama yangu angesema hivyohivyo."

"Mama yako anajua kusimama kabla ya kufyatua?"

Lauriano akamtazama upya. Edvânia tayari alikuwa amefika kwenye kompyuta. Alitoa mkobani taulo ndogo anayowawekea wateja chini ya kiganja, akaikunja mara mbili, akalaza mkono. Akageuza kipanya, akabonyeza kijidude cha chini cha kupunguza kasi. Kisha akasubiri.

"Haya," kocha alisema. "Anza."

"Midoli iko wapi?"

"Midoli ipi?"

"Ya nusu saa. Bila midoli mechi itafungukaje?"

"Inafunguka tu, mama."

"Haifunguki."

Lauriano akainama, akabofya mara moja. Mechi ikafunguka. Edvânia aliitazama kwa mshtuko wa mtu aliyegundua kwamba mlango wa nyumba aliyokuwa anaiingilia dirishani haukuwahi kufungwa. "Miezi sita!" alisema. "Miezi sita nawapiga wale watu wasio na hatia!"

"Kila siku nusu saa?"

"Na Jumapili. Jumapili naamka mapema kabla ya kanisa, huyu bado amelala."

Kocha akavuta kiti, akakaa taratibu kama mgonjwa. "Nina wachezaji watano nawalipa," alisema bila kumwambia mtu yeyote. "Nawabembeleza wafanye dakika kumi."

"Mama," Jadielson alisema kwa sauti ndogo, "ile karatasi niliandika tu."

Edvânia akacheza dhidi ya walewale. Kila aliyempiga alimwambia "samahani, mwanangu," hadi kijana mmoja upande wa pili akavua spika: "Dona, usituombe msamaha, inauma zaidi!" Mwisho aliua ishirini na mmoja. Aliuawa mara sita, na mara moja kati ya hizo ni kwa sababu aligeuka kumtazama mwanawe.

Mwanawe hakuwepo. Fulana yake ilikuwa kwenye ngazi, imeangukia herufi chini.

*

Lauriano alikuwa muungwana katika lile lililobaki. Jina la Jadielson halitapelekwa popote, maana kijana hakujua. Akaunti itafungwa, maana sheria ni mtu mmoja akaunti moja. Jadielson hana nafasi. Dona Edvânia ana nafasi. Jumatatu saa tatu asubuhi, mshahara uleule, chakula kilekile.

"Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu!" Genival alisema Jumapili mezani, mara ya tisa. "Kufukuzana na watoto wa watu kwa bunduki! Kituoni nitasema nini?"

"Sema mkeo amepata kazi," alisema Dona Quitéria. "Wewe umewahi kuwaletea habari gani nzuri kuliko hiyo?"

"Mama, usiingilie."

"Siingilii, nakula. Elfu moja na mia nane. Ningekuwa na macho ningeenda mimi."

Jadielson alisubiri hadi baba yake ametoka nje kuipiga pikipiki mateke kwa kisingizio cha kuitengeneza, akamfuata mama yake kwenye sinki.

"Ulijua," alisema. "Tangu Alhamisi simu ilipoingia ulijua. Ukaniacha nikavae ile fulana."

"Nilijaribu kukuambia, Jadi. Ijumaa, pale mezani."

"Ulijaribu mara moja. Midoli uliijaribu miezi sita."

Mkono wa Edvânia uliokuwa na sahani haukutikisika, na kwa mara ya kwanza maishani aliuchukia utulivu wake. Maji yaliendelea kutiririka hadi Dona Quitéria akapiga kelele kutoka mezani kwamba bili ya maji haijilipi.

"Sitakwenda," alisema hatimaye. "Umenisikia? Sitakwenda."

Kijana aliinua mabega, akaenda zake. Edvânia akafuta mikono, akachukua simu, akawapigia wateja. Asubuhi ya Jumatatu, ambayo siku zote ilikuwa tupu, aliijaza: saa mbili Marluce wa posta, saa tatu fulani, saa nne fulani, hadi adhuhuri. Alizipanga saa zile kama mtu anayesukumia kabati mlangoni.

*

Marluce wa posta alitaka nyekundu. Alikuwa mwanamke mwenye haraka, na mkono wa kulia ulikuwa umekwisha, vidole vitano vinameremeta, mlango ulipofunguliwa. Jadielson aliingia na begi la shule, jasho linamtoka.

"Mbona umerudi?" Edvânia akashtuka. "Una nini? Unaumwa?"

Kijana alimtazama mteja. "Dona Marluce, samahani sana. Mama hayupo."

Marluce akamtazama kijana, akamtazama Edvânia, akautazama mkono wake. "Sasa huu nani ameushika?"

"Hayupo, dona. Ameenda kazini."

"Edvânia, mwanao amelewa?"

"Jadi," Edvânia alisema. Brashi ilikuwa hewani, na tone moja la rangi lilidondoka kwenye taulo nyeupe. Alilitazama lile tone kana kwamba limetoka mwilini mwake. "Jadi, nimeshasema siendi."

"Nimekusikia. Nimefika hadi geti la shule, na lile neno lako linanipigia kelele kichwani." Alikuwa haangalii uso wa mama yake, anaangalia ukuta. "Bado nimekasirika."

"Najua."

"Nimekasirika sana, Mama. Nitakasirika mwezi mzima, tusidanganyane. Lakini ukikaa hapa kwa ajili yangu nitakasirika maisha. Basi la kwenda katikati ya mji linapita saa mbili na nusu. Vaa viatu."

"Na wateja? Kuna wa saa tatu, kuna wa saa nne..."

"Nitawaambia hupo."

Edvânia alisimama. Akakaa. Akasimama tena, akavua aproni, akatafuta viatu kule visikokuwa. Dona Quitéria aliyekuwa anasikiliza nyuma ya pazia alivirusha sebuleni kimoja kimoja bila kujitokeza.

"Subiri kwanza!" Marluce aliinua mikono yote miwili, mmoja mwekundu, mwingine mtupu. "Mimi naingia kazini saa tatu! Na huu wa kushoto?"

Jadielson alilitua begi. Akakaa kwenye kiti cha mama yake, magoti yakagonga meza. Akachukua brashi, akaizamisha kwenye rangi zaidi ya inavyofaa.

"Lete."

"Unajua kupaka?"

"Sijui."

Edvânia alikuwa mlangoni, mkoba begani, mdomo wazi, mwili mzima unamvuta kurudi ndani kumnyang'anya ile brashi. Jadielson hakugeuka. Mama yake akatoka. Alikuwa ameshafika kona ya duka la mikate alipomsikia Marluce akipiga yowe kwamba huyu mtoto amempaka hadi kwenye kiungo cha pili. Alisikia vizuri kabisa, na hakurudi kurekebisha.